Kiti cha Kufutia Barua

Enzi zetu pale Kasongo, kompyuta haikukaa mfukoni mwa mtu. Ilikuwa na nyumba yake, nguo yake na saa zake za kupumzika. Ninyi niliocheza nanyi nzango, ule mchezo wetu wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu, mpaka vumbi jekundu likatufika magotini, tukakimbilia darasani kila iliposikika rimu ya gari ikigongwa kwa chuma, mtakikumbuka kile kibanda cha mabati karibu na soko, chenye ubao ulioandikwa kwa rangi ya bluu kwamba hapa tunachapa barua. Ndani yake alikaa Tanti Beatrisi, dada mdogo wa baba yangu. Mimi, Odeta, niliingia mle kila nilipotoka shule, na tangu nilipokuwa na miaka tisa nilijiona kuwa daktari wa ile mashine.

Niseme kweli mapema: nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Wenzangu walifunga mlango na kwenda zao. Mimi nilirudi kuusukuma nione kama umefungwa. Nikiandika insha na kukosea herufi moja katika mstari wa mwisho, nilichana karatasi na kuanza upya. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mutoto hata akishaoga, anarudia kuuliza maji kama alioga." Walicheka, nami nilicheka nao, kisha nilienda kuhakikisha kama nilikuwa nimefunika ndoo.

Kompyuta ya Tanti ilikuwa kubwa kama sanduku la bibi harusi, na weupe wake ulikuwa umegeuka manjano. Tanti aliishonea vazi la kitenge lenye marinda, na asubuhi alilivua polepole, kama anavyovuliwa mtoto aliye na homa. Hukuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono. Watoto wa leo nikiwasimulia hivyo wanacheka, huku simu zao zina mafuta ya mikate kiooni. Lakini mle kibandani kila kitu kilikuwa na heshima yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli ikichanganyika na harufu ya mikate inayokaangwa kwa mawese, namwona Tanti akivuta kamba ya jenereta nje, mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikikubali, nami ndani nikingoja kioo kiwake.

Hakuna aliyenifundisha. Intaneti tuliisikia tu kwa watu waliorudi kutoka Kindu. Nilichokuwa nacho ni kurasa za msaada zilizomo ndani ya mashine yenyewe, zote kwa Kifaransa, na kamusi ya baba iliyokosa kurasa kuanzia herufi ya S. Ndiyo maana hata leo maneno ya Kifaransa yanayoanza kwa T nayasema kwa mashaka. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa kama mwenzangu anavyosoma katekisimu, nikanakili kwenye daftari, na pale ambapo sikuelewa niliweka alama nyekundu. Daftari lile lilikuwa na nyekundu nyingi.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuisafisha. Nilifungua skrubu nane na kuziweka ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa, nikazihesabu, kisha nikazihesabu tena. Vumbi la Kasongo mnalijua. Linaingia hata ndani ya yai. Nililifagia kwa brashi ndogo iliyobaki baada ya kupaka rangi madirisha ya kanisa. Mara moja nilikuta mayai mawili ya mjusi kando ya feni, meupe, yamekaa vizuri kwenye joto. Nilimwita Tanti. Akayatazama, akasema, "Hata mujusi anajua hapa ni pa watu wa kusoma." Kibao kidogo cha kumbukumbu kilipoanza kusumbua, nilikichomoa na kuyasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli mpaka yang'ae. Nimewahi pia kufanya makosa, na nitayakiri: nilisikia kwa mtu kwamba dawa ya meno yapoza moyo wa kompyuta, nikaipaka chini ya feni. Kwa siku nne kibanda kilinukia kama mdomo wa mtu aliyetoka kupiga mswaki. Siku ya tano dawa ilikauka, mashine ikawa inajizima katikati ya barua za watu, nami nikashinda alasiri nzima nikiikwangua kwa kijiti.

Betri yake ya saa nayo ilikuwa imekufa. Kila asubuhi mashine iliamka ikidhani bado ni mwaka ule ilipotengenezwa. Nilipaswa kuiambia tarehe. Siku niliyosahau, kadi za arusi za mtu zilitoka na tarehe ya kabla bibi harusi hajaanza shule ya msingi. Sikulala vizuri wiki nzima, ingawa bwana harusi mwenyewe alisema ni sawa, kwa maana tangu siku hiyo alikuwa akimpenda.

Siku ya kuipandisha daraja siwezi kuisahau. Kibao cha pili cha kumbukumbu kilitoka Kindu na motari wa pikipiki, kimefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Nilikiingiza, nikawasha, na mashine iliyokuwa ikichukua muda wa kupika sombe ya majani ya muhogo ili iamke, sasa ikaamka kabla Tanti hajamaliza kukunja lile vazi la kitenge. Tanti aliliweka vazi lile chini. Alinisogezea sahani yake ya wali wa mpunga wa kwetu, na samaki mwenyewe juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Fahari ile bado naisikia ulimini.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za kiti.

Mnakumbuka ni nani waliokuja pale. Walimu wa kuomba kazi, wakulima wenye kesi ya mbuzi walioingia shambani, wanawake wa kuwaandikia waume walioko machimboni Salamabila. Wengi hawakujua kuandika. Walimnong'oneza Tanti sikioni naye akachapa, sisi watoto tukiwa tumefukuzwa nje. Barua ikishatoka kwenye karatasi, mwenye barua hakuondoka. Alihamia kwenye kiti kifupi cha miti kilichokuwa kando ya mashine. Hapo ndipo nilipoitwa. Bila kufungua barua wala kuisoma, nililikokota jina lake mpaka kwenye kapu la takataka lililochorwa kiooni, nikaliamuru kapu limwage. Mashine iliuliza kama nina hakika. Nililipenda lile swali; kilikuwa kitu pekee Kasongo chenye wasiwasi kama wangu. Nilipokubali, vipaza sauti viwili vidogo vilitoa mlio wa karatasi inayokunjwakunjwa, krrsh, na Tanti akasema maneno yake yale yale: "Maneno ya mutu hailali hapa." Ndipo mtu alisimama, akapangusa nguo, akaenda zake amepumua.

Mlio ule ulikuwa ndio muhuri wetu. Siku moja vipaza sauti viliharibika, na watu watatu wakagoma kutoka. Mzee mmoja katekista alishika kiti kwa mikono miwili. "Miye siondoki," alisema. "Ile karatasi haijalia." Nilimwonyesha kioo, kapu likiwa tupu. Akasema macho yake ni ya zamani lakini masikio iko mazima. Basi nilikata waya wa redio mbovu, nikaunganisha, na nikalazimika kuweka barua tatu za uongo kwenye kapu ili kila mmoja asikie mlio wake.

Nilipofika miaka kumi na nne, Tanti alipata mashine mpya zaidi. Ile ya zamani ilinunuliwa na Papa Safari. Papa Safari alikuwa mtu wa Kivu aliyefuata dhahabu Salamabila, akachoka kushika sepetu, akaanza kazi ya kuwajazia wachimbaji nyimbo kwenye kadi za simu. Alikuja Kasongo mara kwa mara kununua mchele, na alimjua Tanti. Kazi ya kuisafisha kabla haijaenda ilikuwa yangu. Niliifuta diski yote, si barua moja moja bali nyumba nzima. Kiooni palikuwa na kisanduku kidogo cha kuchagua njia ya haraka. Motari alikuwa nje anapiga honi. Nikachagua haraka. Mashine iliniambia imekwisha kabla hata sijavuta pumzi, nikaweka upya mfumo wake, na mimi ninayerudia kila mlango, mlango ule sikuurudia. Nililifunga sanduku kwa godoro la zamani, nikalitazama likiondoka kwenye pikipiki, nikijisikia kama mzazi wa mtoto aliyefaulu.

Miezi miwili baadaye nilipoteza insha yangu ya Kifaransa. Nilikuwa nimeifuta kwa bahati mbaya kutoka kwenye flashi ya Tanti. Fundi mmoja aliyepita kutoka Kindu alikuwa ametuachia CD ya vifaa vyake, na humo nilikuta programu ya kutafuta vilivyopotea. Niliiendesha bila matumaini. Insha ilirudi, nzima, pamoja na makosa yake. Nikaruka kwa furaha. Kisha nikaona kwamba chini yake orodha ilikuwa bado inaendelea.

Mwezi mmoja, bado tukiwa na ile kompyuta ya zamani, mashine ya kutolea karatasi ilipokuwa mbovu, Tanti alikuwa akizibeba barua za watu kwenye flashi ile kwenda kuzitoa parokiani, na kila moja tuliifuta mwenye barua akiwa kitini. Sasa zilikuwa pale, moja chini ya nyingine, kama watu waliotoka kanisani wakiwa wamesimama uani. Moja iliitwa kwa jina la Mama Furaha, muuza mawese, jirani yetu wa ukuta mmoja. Sikuamini kwamba ni barua yenyewe. Nilidhani ni jina tu. Ili nihakikishe, nikaifungua. Nilisoma mistari miwili kabla sijafunga. Alikuwa akimwandikia kaka yake aliyeko kijijini Wamaza: *Mtoto Furaha asisikie kwa mdomo wa mtu mwingine kwamba si mimi niliyemzaa. Nitamwambia mwenyewe siku atakayopata diploma.*

Furaha alikuwa rafiki yangu. Asubuhi ile ile tulikuwa tumecheza nzango pamoja na akanishinda.

Nilielewa mengine nikiwa nimekaa pale pale. Kompyuta ikifuta, haichomi karatasi. Inaweka tu alama kwamba chumba kiko wazi. Mgeni bado amelala ndani mpaka aje mwingine alazwe juu yake. Ule mlio wetu wa krrsh, ambao nusu ya mji waliuamini, ulikuwa mlio tu. Na kama flashi ndogo ilikuwa na barua kumi na moja, basi ile diski iliyoko Salamabila ilikuwa na miaka ya barua. Papa Safari alikuwa amejisifu mbele yetu kwamba sasa ana kijana wa kuwarudishia wachimbaji picha walizofuta. Programu ya kurudisha ilikuwa tayari pale. Ilibaki tu mtu aiendeshe kwenye diski yenyewe, na nusu ya vijana wa Kasongo walikuwa kule, kila mmoja na jirani yake kwenye orodha ile.

Nitaungama jambo ambalo kwa miaka sikumwambia mtu. Nilinyamaza siku tatu. Nilisema tumbo linaniuma, nikalala kitandani. Furaha aliniletea uji. Alikaa ukingoni mwa kitanda akipuliza kijiko, akiniambia kwamba bila mimi timu yetu imepigwa vibaya, na kila alipotaja "mama amesema hivi, mama amesema vile," niligeukia ukutani.

Siku ya nne nilimwambia Tanti. Nilitegemea fimbo. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima mashine, akaivika vazi lake, na akafunga kibanda saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba.

"Ni miye niliwaambia watu maneno haitalala," alisema. "Weye ulibonyeza tu." Kisha akaniuliza, "Iko namna ya kufuta kweli?"

Nikasema iko. Nilikuwa sijaijaribu bado. Nilienda kuijaribu juu ya flashi ile jioni yote. Kama mgeni analala mpaka mwingine alazwe juu yake, basi dawa yake ni kujaza nyumba. Nilihitaji kitu kikubwa cha kujazia. Kitu kikubwa kuliko vyote tulichokuwa nacho kilikuwa filamu ya kwaya ya parokia siku ya Noeli, ambayo Tanti mwenyewe alikuwa akiimba mstari wa mbele, akitangulia wenzake kila beti. Niliinakili kwenye flashi mara moja, mbili, tatu, mpaka flashi ikakataa. Nikafuta, nikaendesha programu ya kutafuta. Insha haikuwepo. Mama Furaha hakuwepo. Palikuwa na kwaya, na kwaya, na kwaya.

Tulitoka Kasongo alfajiri na pikipiki kwenda Salamabila, mimi katikati, CD na flashi yenye ile kwaya nimezifunga kwa plastiki kifuani ndani ya blauzi. Njia ile wenye kuipita mnaijua. Penye madaraja ya magogo tulishuka na kutembea, motari akivusha pikipiki peke yake huku akiomba. Tulifika Salamabila alasiri, tukiwa wa rangi moja na barabara. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi wenye haraka hivyo. Muziki ulitoka kila banda, na uliokuwa na kelele zaidi ulikuwa wa Papa Safari. Ndani, juu ya meza, ilikaa mashine yetu, bila vazi, feni imejaa vumbi. Nilitamani kulia.

Tanti alisema tumekuja kuifuta kwa ndani, kwamba tulikosea, na hatutagusa nyimbo zake. Papa Safari alimtazama, akanitazama, akazima muziki.

"Mama Beatrisi," alisema, "mutu hatoki Kasongo mupaka huku juu ya kufuta kitu ya bure. Muko na ramani ya shimo mle ndani."

"Ramani gani? Miye nachapaka barua."

"Basi barua ya nani yenye inakuleta na mutoto juu ya pikipiki siku muzima?"

"Ya watu."

"Watu gani? Nitaje tu mumoja, nitafungua mashini."

Vijana wawili waliokuwa wakingoja nyimbo zao wakaanza kucheka. Mmoja akasema labda ni barua ya mume wa mtu. Tanti alivuta kigoda, akakaa karibu na Papa Safari, na akazungumza kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa sababu tu nilikuwa nimebanwa kati yao.

"Ile mara yako ya kwanza Kasongo, ulikuja kwangu na mvua. Ulikaa kwenye kiti. Uliandikia mama wa watoto wako kule Bukavu."

Papa Safari aligeuka kuitazama mashine.

"Na ile iko ndani," Tanti akasema.

"Lakini nilisikia," alisema Papa Safari. "Ile karatasi ililia. Nilisikia na masikio yangu."

"Sisi wote tulisikia, papa."

Aliwatoa wale vijana nje, akaninyooshea kiti chake mwenyewe mbele ya mashine. Barua ile ilisema nini sijui. Sikuiona, na Tanti hakuwahi kuitaja tena mpaka leo.

Tulilala kwa mama mmoja wa kanisa, na asubuhi nikaanza. Kwanza niliisafisha feni, maana sikuweza kufanya kazi kwenye mashine chafu. Kisha nikainakili kwaya, tena na tena, jenereta ikinguruma nje, Tanti akiniletea karanga. Papa Safari alikaa kando, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, kama walivyokaa watu wote kwenye kile kiti chetu. Hakuna aliyemwambia akae. Saa tisa alasiri diski ilisema imejaa. Nikazifuta zile nakala, nikaendesha programu ya kutafuta.

Kwaya, kwaya, kwaya. Halafu, mwishoni kabisa mwa orodha, majina. Nilifungua la kwanza, ndani hamna neno, ni vurugu tupu. La pili vivyo hivyo. Barua zilikuwa zimekufa, lakini majina yake yalibaki yameandikwa, kama daftari la shule la wanafunzi walioondoka. Mama Furaha alikuwa wa saba.

"Basi imekwisha," alisema Papa Safari, akitaka kusimama. "Barua haiko tena. Ni jina tu."

"Jina nayo ni maneno ya mutu," nikamjibu.

Alimtazama Tanti. "Huyu mutoto wenu iko vile siku zote?"

"Siku zote," alisema Tanti. Nami nilisikia kwamba hakuwa akilalamika.

Nilitafuta kwenye daftari langu, nikapita alama nyekundu nyingi, na nikakisia kwamba jina dogo hufunikwa na jina dogo. Nikatengeneza faili tupu mia moja, nikazinakili zikawa mia mbili, zikawa mia nne, nikaendelea hivyo mpaka mashine ikawa inatembea kama kinyonga kwa wingi wa vitu visivyo na kitu. Nikafuta zote. Nikatafuta. Nikatafuta tena, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Nikamwambia Papa Safari atafute mwenyewe, kwa mkono wake, asitegemee mlio wowote. Alishuka na orodha mpaka chini, midomo ikisogea. Alipofika mwisho alifungua moja ya zile nakala zilizorudi, na Tanti akatokea kiooni, mdomo wazi, akitangulia wenzake.

Papa Safari alicheka mpaka akashika ukuta. Akaomba tumwachie ile filamu. Miezi iliyofuata, vijana walioshuka kutoka machimboni walifika Kasongo wakiimba Noeli katikati ya mwezi wa tano, na wengine waliiga hata pale Tanti alipokosea.

Furaha alipata diploma, ile ya kumaliza sekondari, miaka minne baada ya hapo, nami siku hiyo hiyo. Tulimwagiana poda, kama wafanyavyo waliofaulu kwetu, mpaka tukafanana na mizuka, tukazunguka mji mzima tukiimba. Jioni mama yake alimwita ndani. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu, poda ikinikauka usoni, nikiutazama mlango wao. Asubuhi Furaha alikuja, macho yamevimba, akakaa karibu yangu na kuniambia kila kitu tangu mwanzo: mama mdogo aliyefariki akijifungua, kitenge alichofunikwa, usiri wote ule. Nilisikiliza kama mtu anayesikia mara ya kwanza. Alipomaliza alisema, "Amenieleza mwenyewe, na mdomo wake. Hakuna mutu alinitanguliya." Nikaitikia kwa kichwa. Sijawahi kutengeneza kitu chochote kikubwa kuliko kile, na hakikuwa na sauti.

Nilimwambia ukweli siku ya arusi yake. Alinipiga kofi la begani, kisha akanikumbatia sana. Ndiye aliyeniruhusu kuandika haya. Jina lake nimelibadilisha, na hili la Furaha alilichagua yeye.

Leo kibanda ni changu. Tanti amezeeka, anakuja asubuhi kukagua kama nimenawa mikono. Mashine zetu ni nyepesi, zinafunguka kama kitabu, wala hakuna aliyezishonea nguo. Vijana huniletea simu na kompyuta wanazotaka kuuza, wakiwa wameshika nyingine mpya mkononi. "Nimeisha futa, tantine," wananiambia, bila kuinua macho. Siri zao wanazitupa hewani asubuhi, wanazifuta mchana, na jioni wamesahau kama walikuwa nazo. Wakati mwingine nawaonea wivu. Sisi tulikuwa tukibeba neno moja moyoni miezi kadhaa, tukatembea nalo kutoka shambani, tukalinong'ona mara moja, kisha tukakaa kulisubiri life. Neno lilikuwa na uzito, na aliyelibeba alipewa kiti.

Kiti bado kipo. Nimekipigilia msumari mara mbili. Kijana akiniambia ameshafuta, namwambia aketi. Ananung'unika, ana haraka, pikipiki inangoja. Anaketi. Najaza kwaya ile ile, nafuta, kisha nampa mashine atafute mwenyewe mpaka chini kabisa ya orodha. Hapo ndipo huwa wanainamia kioo, wakishangaa ni watu gani hawa waliovaa mashati meupe, na ni nani yule mwanamke wa mbele. Mashine nyingi zimepita mikononi mwangu, na ziko mbali sasa, Kindu, Kabambare, Bukavu. Yeyote atakayechimba ndani yake akitafuta ya watu wa Kasongo, atakuta tunaimba.